Wakala Aliyezikataa Picha Zangu

Msibani kwake walisema wengi. Alisema mchungaji, akasema mwenyekiti wa ushirika, akasema hata yule jirani ambaye kwa miaka walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mstari wa migomba ya mpakani. Mimi sikupewa nafasi. Mshereheshaji aliniona nimesimama na suti yangu ya kijivu, akainama akajifanya anabadilisha betri za kipaza sauti mpaka nikakaa. Basi nasemea hapa, ambapo hakuna wa kuninyang'anya kipaza.

Mimi mjini Kyela sitafutwi. Mwambie bodaboda akupeleke kwenye mashine ya kukoboa mpunga yenye paa jekundu, hatauliza mara mbili. Mashine ni yangu, duka la simu na kompyuta lililo mbele yake ni langu, na Fuso mbili zinazobeba kakao ni zangu. Shule niliiacha kabla sijamaliza la saba. Nilianza kwa kuchomelea redio za watu kwa msumari niliouweka kwenye jiko la mkaa mpaka ukawa mwekundu. Kompyuta nilijifunza kwa kuzifungua, na kuandika programu nilijifunza kwa kuharibu za wenzangu mpaka nikaelewa zinavyoshonwa. Hakuna mwalimu anayeweza kusimama akasema huyu ni zao langu. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue aliyedhalilishwa ni mtu wa namna gani.

Yeye alikuwa wakala wa forodha Kasumulu, mmoja wa wale wanaowajazia wafanyabiashara karatasi ili mizigo yao ivuke mto Songwe kwenda Malawi au kutoka huko. Wote tulimwita Wakala, hata alipokwisha kuiacha kazi na kurudi kwenye kakao zake Talatala. Alizaliwa lini na ukoo wake ni upi, hayo yalisomwa kwenye wasifu, na mimi sina hamu nayo. Ninachojua ni alivyokuwa.

Alikuwa mrefu, mkavu, na miwani yake aliifunga kwa kamba ya kiatu. Alikuwa msomaji wa ajabu, na alichosoma hakikuwa vitabu. Alisoma maandishi madogo. Ukimpa mfuko wa mbolea atausoma mpaka chini kabisa, pale palipoandikwa usitupe karibu na maji. Kiberiti alikisoma. Kanisani, wenzake wakiimba, yeye alikuwa anafunua ukurasa wa mwisho wa kitabu cha nyimbo kuona kimechapwa wapi na nani anaruhusiwa kukichapa tena. Siku moja alialikwa harusini na kadi iliandikwa Bwana na Bibi. Mkewe alikuwa anaumwa, akaja peke yake. Akasimama mlangoni na kadi mkononi, foleni ndefu nyuma yake.

"Kadi inataja watu wawili," akamwambia mpokeaji. "Mimi niko mmoja. Naruhusiwa?"

"Mzee, ingia tu, pilau inapoa."

"Sijauliza pilau. Nimeuliza kama naruhusiwa."

Ikabidi aitwe mjomba wa bwana harusi kuja kutoa ruhusa. Watu wanaisimulia hadithi hii wakicheka na kusema, jamani, Wakala! Mimi sicheki. Nilikuwa kwenye foleni ile, na viatu vyangu vilikuwa vipya.

Nilimjua tangu ningali kijana ninayevusha bidhaa ndogondogo. Safari moja nilikuwa na shehena ya kompyuta zilizotumika, mtaji wangu wote, na katoni moja ilikuwa imeandikwa tofauti na karatasi yake. Mawakala wengine wangeniambia rekebisha hapa, weka sahihi pale. Yeye alizisukuma karatasi zangu mezani kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa mende.

"Mimi hii siigusi."

"Mzee, ni katoni moja tu."

"Mwanangu, mzigo hauna kosa. Kosa ni njia uliyopitia."

Hakunidai chai, maana ule ulikuwa ugonjwa wake mwingine: hakuwa na bei. Mwenye bei unamlipa mnamalizana. Nikahangaika kutafuta wakala mwingine, mvua ya Kyela ikafanya kazi yake, na nusu ya kompyuta zile ziliingia maji. Nilisimama tena, kama kawaida yangu. Lakini nilimwandika moyoni.

Sasa sikieni upande wa pili, maana mtu wa sheria kali kila mahali huwa ana mahali anapopumzikia. Huyu huyu alikuwa anakuja dukani kwangu kila Jumamosi, anachomoa waya wa feni, anachomeka chaja yake, anakaa kwenye kiti changu. Hakuniomba hata mara moja. Simu yake ilijaa kwaya zilizonakiliwa kutoka simu hadi simu mpaka sauti zikawa kama za watu walio kisimani. Nikamuuliza siku moja, "Mzee, hizi nyimbo nazo zina karatasi?" Akaniangalia juu ya miwani. "Hizi za Bwana," akasema. Akaendelea kuchaji.

Na baiskeli yake alimwazima yeyote. Alikuwa haulizi jina, haulizi unakwenda wapi. Mara mbili ilikwenda Malawi ikarudi na kengele mpya. Nimekuwa nikijaribu kulielewa hilo kwa muda mrefu, na nimeona jibu ni hili: cha kwake alikiachia, cha mwenzake alikilinda kama mbwa, na cha nyumbani aliona hakina mwenyewe. Hapo kwenye cha nyumbani ndipo nilipomkamatia. Lakini kwanza alinikamata yeye.

Mambo yalikuwa hivi. Nilitengeneza programu ya mizani kwa ajili ya vikundi vya wakulima wa kakao na mpunga. Mkulima analeta mzigo, unapimwa, simu inahifadhi, naye anaona mwenyewe, hakuna mtu wa kumpunja. Niliijenga juu ya msingi wa programu huria, yaani programu ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi, na yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuirekebisha, kuigawa, hata kuiuza, mradi naye asimfungie mwingine. Ndiyo maana mtu wa Kyela asiye na cheti aliweza kujenga kitu kama hicho. Niliokota tofali walizoacha wengine njiani kwa makusudi.

Kina mama wengi wanaopima kakao macho yao hayasomi vizuri, wengine hawasomi kabisa. Kwao programu ni aikoni, vile vipicha unavyobonyeza kwa kidole. Gunia ni ghala, mizani ni kupima, mkono wenye noti ni malipo. Bila vipicha, programu yangu kwao ni ukuta. Nikaingia mtandaoni nikapakua seti nzima ya aikoni, zinang'aa, zina vivuli, tunda linaonekana kama unaweza kulila. Juu iliandikwa ni za bure. Nikazipachika.

Ushirika ukaitisha mkutano wa kuikubali programu, ukumbi ukajaa, akaja hata mgeni kutoka Mbeya. Nilikuwa nimevaa suti yangu. Nikaonyesha ukutani kwa projekta, kina mama wakapiga vigelegele kila picha ilipotokea. Kisha nyuma kabisa ukanyanyuka mkono mrefu mkavu. Ushirika ulikuwa umempa Wakala kazi ya kukagua leseni, yale masharti ambayo mwenye kitu anayaandika kuhusu nani akitumie na vipi, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekuwa na subira ya kuyasoma.

"Mwenye programu," akasema, "hizi picha zimepita wapi?"

"Mtandaoni, mzee."

"Mtandao ni barabara. Hata mwizi anapita barabarani. Nauliza zimepitaje."

"Zimeandikwa bure. Kila mtu anajua maana ya bure."

"Umesoma mstari wa pili?"

Mstari wa pili ulikuwa wa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha redio na cha maboksi. Akausoma yeye kutoka kwenye karatasi aliyokuja nayo, polepole, akautafsiri kama anasoma Injili: ruhusa ni kwa matumizi binafsi, biashara hairuhusiwi, na mtu asizigawe upya. Akakunja karatasi.

"Programu yako inamwambia kila mtu chukua, gawa, uza. Picha zako zinasema usigawe, usiuze. Huwezi kuvusha vyote kwenye gari moja. Mnunuzi wa kakao akiitumia programu hii, ni biashara, amevunja sharti. Wewe ukimpa jirani, umevunja. Bure siyo ruhusa, mwanangu. Mtu akikukaribisha ugali, hajakuruhusu uondoke na sufuria."

Ukumbi ukacheka. Nikasema, "Mzee, huko aliko huyo mchoraji ataijua Kyela?"

"Kwa hiyo umezivusha njia ya panya kwa sababu hakuna anayeangalia."

Hapo ndipo ukumbi ulipovunjika mbavu. Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, akapiga kofi pajani: "Bwana Panya! Mwe, Bwana Panya na suti yake!" Mgeni wa Mbeya alikuwa anafuta machozi kwa tai. Mkutano ukaahirishwa, programu ikawekwa kando mpaka picha zipatikane nyingine, na mimi nikatoka pale nikiwa na jina jipya. Wateja wangu waliniita hivyo mbele ya wafanyakazi wangu. Mkwe wangu aliniita hivyo kwenye simu, akadai amekosea namba.

Nikaapa. Sitasema niliapa kwa nani, lakini nilisema huyu mzee nitampata, na nitampata kwenye jambo hili hili, mbele ya watu wale wale.

Ili kumpata ilibidi nijifunze leseni. Nilikwenda kwake kama mwanafunzi, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia nifundishe mzee. Alifurahi kweli, masikini. Akanifundisha kwamba ziko seti za picha zinazosema tumia utakavyo ila usibadilishe hata mstari, na hizo hazitufai kwa sababu tunda lao ni tufaha na letu ni kakao. Akanifundisha kwamba ziko nyingine huria kabisa ila kila moja inasema ukinichanganya na kitu, kitakachozaliwa kichukue masharti yangu, na yangu peke yake.

"Zikikutana mbili za namna hiyo?" nikamuuliza.

"Je, mtoto mmoja anaweza kuwa wa koo mbili zilizotoa ng'ombe?"

"Haiwezekani. Watagombana mpaka kaburini."

"Basi hizo usizioze. Tafuta ambayo mahari yake inakubaliana na ya msingi wako."

Alikuwa anajua kufundisha, sikatai. Nilikuwa nameza kila neno kama mtu anayenoa panga kwa jiwe la adui yake.

Naye akajitwika kazi ya kutafuta picha nyingine. Hakwenda mtandaoni. Alikwenda ziwani, kwenye soko la vyungu Matema, ambako wanawake kutoka Ikombe wanashusha vyungu kwa mitumbwi. Akarudi na picha za simu, akakaa akachora juu yake. Chungu kikubwa kikawa ghala, cha mdomo mpana kikawa malipo, kidogo chenye shingo kikawa mauzo, na kila kimoja na nakshi zake nyekundu na nyeupe. Zilikuwa nzuri. Nilitamani ziwe mbaya, lakini mimi ni mtu wa macho, zilikuwa nzuri. Mkutano ulizipokea kwa shangwe, na aliposimama alisema maneno ambayo niliyashika kwa mikono miwili:

"Hizi ni zetu, za nyumbani. Hazidaiwi karatasi na mtu."

Programu ikawekewa vyungu, ikaanza kutumika kwenye vikundi vichache kwa majaribio. Na mimi nikapanda mtumbwi kwenda Ikombe.

Kule hakuna barabara ya gari. Ukifika ufukweni unakuta wanawake wamekaa chini, wanazungusha chungu kwa mkono bila gurudumu, wanakwangua, wanalainisha kwa jiwe la ziwani. Nikaonyesha simu kwa mmoja, akacheka akanielekeza kwa mwingine, mama mnene mwenye kitenge cha njano, mfinyanzi ambaye wenzake walimwogopa kidogo kwa mdomo wake. Akaichukua simu kwa mkono wenye udongo.

"Huu ni mkono wangu," akasema.

"Una uhakika, mama?"

"Wewe ukiandikiwa jina lako utauliza kama una uhakika? Hii mistari inayopishana hivi ni yangu, niliachiwa na mama yangu. Huyu hapa jirani yangu alijaribu kuiga, tukapelekana kwa mwenyekiti. Mnunuzi akifika sokoni anatafuta mistari hii, haulizi jina. Nani kaitia kwenye simu?"

"Mzee mmoja mrefu, miwani ya kamba."

"Aaah, yule! Alinunua kimoja akapiga picha vyote. Nikamuuliza za nini, akasema kumbukumbu." Akatema mate pembeni. "Sasa yuko wapi huyo Bwana Kumbukumbu?"

Jamani, nilifurahi. Nimejenga nyumba, nimeoza binti, nimenunua Fuso mpya nikaiendesha mwenyewe kutoka Mbeya. Furaha ya pale ufukweni ilikuwa ya aina nyingine. Nikamwambia mama, mkutano ujao nauli ni yangu, mtumbwi na gari, na chungu chako kimoja ukipakate.

Siku ya mkutano Wakala alikuwa meza ya mbele. Nikasubiri wafungue kwa sala, nikasimama, nikasema kwa sauti yangu ya biashara: "Mkaguzi wetu wa leseni, hizi picha za vyungu zimepita wapi?"

Akatabasamu. "Mwanangu, nilishasema. Za nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Mama wa Ikombe akaingia kutoka mlangoni, chungu mkononi. Hakusubiri kukaribishwa. Alikwenda mpaka mezani akakiweka mbele ya Wakala, akakizungusha nakshi zikamtazama.

"Mzee, ulinikuta nimelala?"

"Hapana, mama."

"Nilikuwa nimekufa?"

"Hapana."

"Basi kwa nini hukuniuliza? Wewe ndiye unayezuia magari mpakani kwa sababu ya karatasi, nasikia. Kuja kwangu ulivuka na karatasi gani? Kwa sababu mimi nafinyanga na kuongea Kikisi, ndiyo nimekuwa ufukwe, kila mtu anaokota?"

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa namtazama yeye tu. Nilitaka kuona jasho. Nilitaka abishe, ataje mila, ataje Mungu, ajikanyage, ili yule mama wa dagaa apate jina la kumpa. Wakala akavua miwani. Akakaa nayo mkononi.

"Sikuuliza," akasema. "Nimeiba. Zitoke leo, mama, kabla sijatoka humu ukumbini. Kama utakubali kuzitolea leseni, nitakuandikia kwa Kiswahili uyaelewe masharti. Ukikataa, basi."

"Nakataa. Chungu nauza. Mkono siuzi."

"Nimekusikia. Nisamehe, mama."

Akaniomba mimi, mimi mwenyewe, nizifute pale pale kwenye projekta, moja baada ya nyingine, watu wakiona. Nikawa mfanyakazi wa toba yake! Na nilipofuta ya mwisho ukumbi ukapiga makofi. Walimpigia yeye. Mwenyekiti alisimama akasema huo ndio uadilifu. Mama wa dagaa alifunga kitenge vizuri akasema, mzee kama huyu wamebaki wangapi? Fikirini. Mimi nimepanda mtumbwi, ziwa limechafuka, nimetapika, nimemleta mwenye mali. Wizi ni wake, makofi ni yake. Mimi niliyewaonyesha wizi nimebaki Bwana Panya, na kwenye gari tukirudi yule mama wa Ikombe alisema, "Mzee wenu ana adabu." Nikaongeza sauti ya redio.

Tangu siku ile niliona hakuna tena wa kumtegemea. Nikachora mwenyewe. Mvua zote za msimu ule nilikuwa nachora, kidole hiki kinene kikijifunza kupinda mstari kwenye kioo. Nilichora mistari mizito myeusi ili mtu aione juani. Gunia lililofungwa kwa kamba kama tunavyofunga sisi, tunda la kakao lililopasuliwa mbegu zikaonekana, mkungu wa ndizi, mizani ya kuning'iniza. Nikawapelekea kina mama sokoni nikawauliza hii nini, na hii nini. Hawakukosea hata moja. Mtu aliyeacha shule alikuwa amefanya ambacho wasomi wa mtandaoni hawakuweza, kumchorea mama wa Kyela gunia lake.

Kisha nikaandika leseni. Nilikuwa nimefundishwa na bingwa. Nikaandika kwamba kila mtu duniani anaruhusiwa kuzitumia picha hizi, kuzibadilisha, kuzigawa na kuziuza, mradi ataje jina la mchoraji. Na chini yake nikaongeza mstari mmoja: isipokuwa Wakala. Nilimwandika kwa majina yake matatu, na kijiji, asije akasema ni mwingine. Asizitumie, asizifungue, asipimiwe kakao yake kwa kuzibonyeza. Nilijua kikundi cha Talatala kitaanza kutumia programu mavuno yajayo. Nilitaka asimame kwenye foleni na kikapu chake, wenzake wote wapimiwe, yeye aambiwe leseni hairuhusu.

Nikaenda kumsomea usoni. Barua haitetemeshi mtu.

Nilimkuta barazani, miguu imevimba ameiweka juu ya kigoda, kakao imeanikwa mkekani mbele yake na kikapu cha iliyokauka pembeni. Alikuwa amepungua mpaka shati limekuwa la mtu mwingine. Sikukubali hilo liniingie.

"Karibu, mwanangu. Kaa."

"Sikai, mzee. Nimekuletea leseni ya picha zangu. Nimechora mwenyewe."

Macho yake yakawaka, nikaona wivu, au furaha, sikujali ni kipi. Akaomba aone picha kwanza. Akazitazama zote. Kwenye tunda la kakao alisita akalisogeza karibu na uso.

"Mbegu umezihesabu?"

"Nimepasua tunda nikachora."

"Zimekaa kama zenyewe. Haya, masharti."

Nikasoma. Nilisoma kwa sauti, na nilipofika kwenye isipokuwa nikapunguza mwendo, nikataja jina la kwanza, la pili, la tatu, na kijiji. Kisha nikamwangalia.

Alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Umeniandika vizuri," akasema. "Hata kijiji."

"Nimekufungia, mzee."

"Umenifungia. Lakini umejifungia na wewe. Leseni inayombagua mtu siyo huria tena. Msingi uliojengea unasema chochote kilichomo humu kiwe cha kila mtu. Ukimtoa mmoja, picha zako haziwezi kuchanganywa na programu. Ni yale yale ya siku ile ukumbini."

"Yaani unazikataa tena?"

"Mimi nimeshaacha ukaguzi, siwezi kukataa kitu. Sharti ndilo linazikataa."

"Kwa sababu ni wewe."

"Ungemwandika Shetani ingekuwa hivyo hivyo, mwanangu. Naye angeruhusiwa kupima kakao."

Nilitafuta uongo usoni kwake sikuuona, na kibaya zaidi nilikuwa najua. Alishanifundisha. Nilikuwa nimeliruka kwa hasira, kama mtu anayeruka mfereji anaoujua. Nikakaa kwenye ngazi za baraza, mimi niliyekataa kukaa. Matunda shambani yalikuwa yameanza kuwa ya manjano. Kina mama walikuwa wanasubiri vipicha, na nisipovitoa, wanunuzi wangewapimia kwa mizani zao na midomo yao kama zamani. Na jina langu lisingekaa popote. Wangesema Bwana Panya alishindwa mara ya pili. Upande wa pili alikuwa huyu hapa, na mstari wangu mmoja.

"Ukiuacha mstari ubaki," akasema, "nitakuelewa. Ni picha zako. Leseni haidai upendane na mtu."

"Sijakusamehe."

"Sijakuomba hilo. Umeniuliza kuhusu leseni."

Nikafuta. Nilibonyeza na kushikilia, jina lake likaliwa herufi moja moja kutoka nyuma, kijiji kwanza, ukoo, mpaka isipokuwa yenyewe. Nilipomaliza, leseni ilikuwa fupi na safi, ya kupita mpaka wowote.

Akanyoosha mkono kuomba simu yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliniuliza mimi, "Naruhusiwa?"

"Leseni inakuruhusu."

Akaivuta programu kwenye simu yake, ikaingia. Nikamsogezea kikapu kwenye mizani yake ndogo iliyoning'inia kwenye boriti, maana mimi siyo mnyama. Akabonyeza mizani niliyochora. Akabonyeza gunia. Kilo za kakao yake zikatokea, na chini kabisa, kwa yale maandishi madogo aliyoyapenda maisha yake yote, likatokea jina la mchoraji. Alilisoma lote kwa sauti, polepole, mpaka nukta.

"Ndaga fijo, mwanangu," akasema. Ahsante sana.

Kwetu mtu mzima akikushukuru unaitikia. Mtoto anaitikia, mlevi anaitikia, hata watu waliopelekana mahakamani wanaitikia. Alikuwa ananiangalia, anasubiri.

Leseni inamruhusu atumie, abadilishe, agawe, auze. Imeandikwa wazi, nimeiandika mwenyewe. Hakuna mahali inapomlazimisha mwenye picha kuitikia. Nikachukua simu yangu, nikashuka ngazi za baraza, nikapita katikati ya kakao zake nikiangalia nisizikanyage, na sikuitikia.